Karakana Iliyobaki Nairobi

Tunapolijadili shirika la ndege la taifa, mjadala wetu huanzia kwenye ndege: zimenunuliwa ngapi, zimewasili lini, zimepokewa na nani. Ni mara chache tunapouliza zinafanyiwa matengenezo wapi, tena na mafundi wa nani. Kwa maoni yangu, historia inatuonyesha kuwa swali hilo ndilo zito zaidi.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari zake Januari 1, 1946, likiwa na ndege 6 ndogo aina ya de Havilland Dragon Rapide. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa likirusha Super VC10 hadi London. Lilikuwa mali yetu sote: Watanzania, Wakenya na Waganda. Hata hivyo, makao makuu na karakana yake kuu vilikuwa Nairobi.

Mkataba wa Kampala wa Juni 6, 1967 ulijaribu kugawa manufaa ya umoja. Bandari zikaja Dar es Salaam, Posta na Simu zikaenda Kampala, na Jumuiya yenyewe ikahamia Arusha. Reli na ndege zikabaki Nairobi. Ofisi yaweza kuhama na mafaili yake. Karakana ya ndege haihami hivyo. Inahitaji mabanda makubwa, vifaa vya kupimia, ghala la vipuri, na juu ya yote mafundi wenye leseni, ambao kila mmoja huchukua miaka kuandaliwa.

Mwanzoni mwa 1977 shirika lilisambaratika. Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ikafunga mpaka, na mwezi Machi tukaunda Air Tanzania. Makubaliano ya mwaka 1984 yaligawa mali na madeni ya Jumuiya: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Fedha na majengo viliweza kupigiwa hesabu. Mazoea ya kazi, yale ambayo fundi mkongwe humrithisha kijana chini ya bawa la ndege, hayakuwa na asilimia.

Wenzetu wa Ethiopia walianza safari mwaka 1946 pia, wakisaidiwa na Wamarekani wa TWA. Waliwekeza katika kufundisha watu wao, na leo karakana yao ya Addis Ababa hutengeneza hata ndege za mashirika mengine.

Sisi tulirudi sokoni mwaka 2016 kununua ndege mpya. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus A220 zetu zikalazimika kukaa chini kwa hitilafu za injini. Kosa lilikuwa la mtengenezaji, na mashirika mengine duniani yaliumia vilevile. Lakini asiye na karakana imara wala injini za akiba huumia zaidi.

Kutoka hapa Sinza hadi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, si mbali. Huko vijana wanasomea matengenezo ya ndege. Watumishi wa umma wanaoandaa bajeti wajiulize: vijana hao wakihitimu, watakuta karakana ya kufanyia kazi, au tutawapa vyeti tu na kuendelea kuwalipa mafundi wa nje?