Mizani Isiyoandikwa: Siku Mbili za Ngoma Wambaa

Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* mwaka 1954, alisisitiza jambo ambalo wengi wetu tunalikariri bila kulizingatia: kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika limepungukiwa. Vina na mizani tumevichukua, tunavihesabu kwa vidole. Wimbo wenyewe tumeuacha nje ya mlango. Siku mbili za mwisho wa juma nilizokaa Wambaa, kijiji cha wilaya ya Mkoani kusini-magharibi mwa Pemba, zilinionesha wimbo huo ungali unakaa wapi, na ni historia gani iliyoubeba.

Palikuwa na harusi. Jumamosi usiku ilipigwa ngoma ya kibati, na Jumapili alasiri ukachezwa msewe, ngoma iliyopata jina kutokana na vile vinavyofungwa miguuni mwa wachezaji vikalia kwa kila hatua. Zote mbili ni ngoma ambazo Wapemba huzitaja kwa fahari, lakini kwa mtunzi wa mashairi kibati ndiyo shule. Ngoma hupigwa mbio. Mtu hutoa neno papo hapo, na mwenzake hulijibu kabla pigo halijageuka. Asiyekuwa na jibu hana pa kujificha.

Usiku ule mmoja alimsuta mwenziwe kwamba alipanda mkarafuu kisha akasahau kuupalilia. Watu wakacheka, kwani kila mtu alijua kuwa hazungumzii mti. Jibu likaja mara moja: mkarafuu hausahauliwi, hungojewa msimu wake. Kina mama waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele, na mwimbaji wa kwanza akalazimika kutafuta njia nyingine.

Nilijaribu kuhesabu mizani. Mshororo mmoja ulikuwa na silabi saba, uliofuata tisa, na bado yote miwili ilitua mahali pamoja. Penye upungufu mwimbaji aliivuta vokali, penye ziada aliyabana maneno. Nilimwuliza mzee aliyekuwa akipiga vumi kama naye huhesabu. Akanijibu, "Mwanangu, nikihesabu nitapotewa na ngoma." Katika jibu hilo mna somo zima la arudhi. Mizani, kabla ya kuwa hesabu ya silabi, ilikuwa ni muda: nafasi baina ya pigo na pigo, ambayo sauti ya mtu hutakiwa kuijaza. Kanuni ya silabi kumi na sita ni kumbukumbu ya muda huo iliyowekwa katika karatasi.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa beti tunauita kiitikio, na neno hilo limetokana na kuitikia. Hakuna anayeitikia asipoitwa. Tunauita pia kibwagizo, kama kwamba mwimbaji anaubwaga mzigo ili wengine waupokee. Istilahi hizi zinadhani kuna watu wawili au zaidi uwanjani. Shairi la ukurasani limebaki na majina ya watu hao, ila wenyewe hawapo.

Mazungumzo ya mkarafuu hayakuzuka bure. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika, ikawa ndiyo shina la zao hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wa mashambani uliendelea hadi amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897. Hata hapo, mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa katika sheria mpaka mwaka 1909. Katika jamii iliyowapima watu kwa nasaba, uwanja wa jibizano uliwapima kwa ulimi. Aliyenyimwa neno barazani aliweza kulipata ngomani, na akalisema kwa fumbo ambalo mkubwa angelisikia asiweze kulikamata.

Ng'ambo ya bahari nyingine kuna mfano wake. Watoto na wajukuu wa watumwa wa Marekani, walioachwa huru mwaka 1865, walitunga muziki wa bluzi: mwimbaji hutoa mshororo, huurudia, kisha huujibu kwa mshororo wa tatu, na kila anapopumua gitaa humwitikia. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", na makampuni ya santuri yakatambua kwamba sauti ya watu hao ina wanunuzi. Miaka minane baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani, alisafirishwa hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Hawa wawili hawakufundishana. Yaliyowafananisha ni hali waliyotoka, na yale ambayo hali hiyo huufundisha ulimi.

Siti alipata santuri. Kamange na Sarahani, magwiji wa Pemba wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walipata waliohifadhi beti zao, hata zikatolewa katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba* mwaka 2011, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Manju wa kibati hawana santuri wala kitabu. Neno lao huzaliwa usiku na kufa kabla ya alfajiri. Kinachobaki ni ufundi wa kulizaa jingine, na ufundi huo hurithiwa kwa kusimama uwanjani tu.

Jumapili, msewe ulipokwisha, niliona vijana wengi walikuwa wameinua simu kurekodi, na wachache mno walikuwa wakiitikia. Sauti zitabaki katika simu hizo, na nafurahi kwa hilo. Lakini jibizano haliwezi kuhifadhiwa na anayesikiliza peke yake. Sisi tunaojiita washairi tuna mashindano yetu na diwani zetu. Basi tuende pia Wambaa, Kengeja na Wingwi, tukae karibu na vumi, na tukiitwa tuitikie.