Msalaba wa moto ulianzia kitabuni

Mwaka 2025 ugomvi juu ya mlima mmoja wa jiwe tupu katika jimbo la Georgia, Marekani, ulifika mahakamani. Ubavuni mwa mlima huo, Stone Mountain, zimechongwa sanamu kubwa za viongozi watatu wa majimbo ya Kusini yaliyopigana ili utumwa uendelee. Wasimamizi wa hifadhi walikuwa wakiandaa maonyesho mapya yatakayoeleza habari za utumwa, za ubaguzi na za Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi. Chama cha wazao wa askari wa Kusini kikafungua kesi, kikidai sheria ya jimbo inataka mlima ubaki ukumbusho wa Kusini.

Lakini habari za Klan mtu atazikwepaje mahali pale? Usiku wa tarehe 25 Novemba 1915, William J. Simmons, mhubiri wa zamani wa Kimethodisti aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuandikisha wanachama wa vyama vya udugu, alipanda mlimani akiwa na wenzake wapatao 15. Walipanga mawe yakawa altare, wakaweka juu yake Biblia, upanga na bendera ya Marekani. Kisha wakasimamisha msalaba wa mbao ulioloweshwa mafuta ya taa, wakautia kiberiti. Kundi lililokuwa limesambaratika tangu miaka ya 1870 likawa limefufuka.

Ajabu ni kwamba Klan ya kwanza, ile iliyoanzishwa Tennessee baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, iliua na kuchapa watu viboko, ila haikuwa na desturi ya kuchoma misalaba. Hata mavazi yake yalikuwa vurugu tupu: huyu na gunia, yule na shuka, mwingine kajipaka masizi. Msalaba wa moto Simmons aliutoa kwenye riwaya.

Riwaya hiyo ni *The Clansman* ya mwaka 1905, na mwandishi wake ni Thomas Dixon wa North Carolina, mchungaji wa Kibaptisti aliyeacha mimbari akashika kalamu. Dixon alikuwa ametazama mchezo wa jukwaani uliotokana na *Uncle Tom's Cabin*, riwaya ya kupinga utumwa, akatoka amefura kwa hasira kwamba Kusini imesingiziwa. Akaamua kujibu hadithi kwa hadithi. Katika yake, watumwa walioachwa huru ni wanyama wa kuogopwa, na majambazi wenye vinyago ndio mashujaa. Msalaba wa kuwaita wapiganaji aliuokota katika simulizi za koo za Uskoti, ambazo tungo za Walter Scott zilikuwa zimezipa umaarufu. Kwa kuwa mababu wa wazungu wengi wa Kusini walitoka huko, akaona unafaa, akautia mikononi mwa wahusika wake. Miaka 10 baadaye watu wa kweli wakauwasha.

Katikati ya kitabu na mlima kuna filamu. D. W. Griffith, mtoto wa kanali wa jeshi la Kusini, aliigeuza riwaya ya Dixon kuwa sinema ya saa tatu, *The Birth of a Nation*, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 8 Februari 1915. Siku 10 baadaye ikaonyeshwa ndani ya Ikulu ya Marekani kwa Rais Woodrow Wilson, aliyesoma chuo kimoja na Dixon, na ambaye kitabu chake cha historia kimenukuliwa katika maandishi ya filamu yenyewe. Kuna kipande ambamo shujaa, Ben Cameron, anawaona watoto wa kizungu wamejifunika shuka jeupe, na watoto weusi wanakimbia wakidhani ni mizimu. Papo hapo anapata wazo la sare. Kipande kingine ni cha Gus, mwanajeshi mweusi (aliyeigizwa na mzungu aliyepakwa rangi usoni), akimfukuza msichana wa kizungu mpaka anajirusha gengeni. Gus anauawa na Klan, na watazamaji wanatarajiwa kushangilia. Walishangilia kweli.

Boston ndiko filamu hii ilikokutana na mtu wa kuikabili. Mwandishi wa habari Dick Lehr, aliyeandika kitabu kizima juu ya mpambano huo, anamweka William Monroe Trotter sambamba na Griffith, na kwa maoni yangu hakukosea. Trotter, mhitimu wa Harvard na mhariri wa gazeti la *Guardian*, hakuwa mtu wa kunyenyekea. Novemba 1914 alikuwa amesimama mbele ya Wilson kulalamikia utenganishaji wa wafanyakazi weusi na weupe katika ofisi za serikali, akabishana naye mpaka Rais akakasirika na kumwonyesha mlango.

Aprili 1915 Meya James Michael Curley aliitisha kikao cha kusikiliza malalamiko dhidi ya filamu. Griffith mwenyewe alihudhuria. Wakili mzee Moorfield Storey, rais wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, alimuuliza: hivi ni historia kweli, kama filamu inavyoonyesha, kwamba naibu gavana mweusi alimfungia msichana wa kizungu chumbani ili amwoe kwa nguvu? Griffith akakwepa, akamkaribisha aje atazame onyesho, akamnyooshea mkono. Storey akaukataa. Curley aliagiza vipande vichache vikatwe, filamu ikaendelea.

Jumamosi ya tarehe 17 Aprili Trotter alikwenda mwenyewe Tremont Theatre kununua tiketi. Akaambiwa zimekwisha. Wazungu waliokuwa pale waliendelea kuuziwa, naye akagoma kubanduka dirishani. Polisi zaidi ya 200 walikuwa wamepangwa ndani na nje, baadhi wamevaa kiraia. Mmoja wao akampiga Trotter ngumi ya taya, wakamkamata yeye na wenzake. Waliobahatika kuingia hawakukaa kimya: Gus alipoanza kumfukuza yule msichana, yai viza lilirushwa likapasukia kwenye pazia la picha. Nje, barabara ilikuwa imefurika watu na zogo likaendelea mpaka usiku.

Jumatatu, tarehe 19, umati wa watu weusi uliandamana hadi ofisi ya gavana. Shinikizo hilo lilizaa sheria mpya, na bodi ikaundwa yenye mamlaka ya kuzuia maonyesho. Bodi ikaketi, ikaamua filamu haina tatizo. Boston, mji uliojisifu kuwa kitovu cha vita dhidi ya utumwa, uliionyesha kwa zaidi ya miezi sita.

Wapo wanaomlaumu Trotter kwamba alitaka kuzima uhuru wa kusema, na kwamba vurugu zake ziliitangaza filamu bure. Lawama hizo huwa nyepesi kwa mtu ambaye hadithi ile haikumlenga. Dixon hakuficha shabaha yake. Katika barua kwa katibu wa Rais aliandika kwamba lengo hasa ni kugeuza fikra za watu wa Kaskazini. Trotter alimwelewa Dixon kuliko mameya na majaji walivyomwelewa.

Desemba 1915, filamu ilipofika Atlanta, tangazo la Simmons la kutafuta wanachama lilichapishwa gazetini jirani na tangazo la sinema. Kundi lilikua polepole mpaka 1920, Simmons alipowakodi wataalamu wawili wa matangazo. Ada ya kujiunga ilikuwa dola 10, na aliyekuleta alibaki na dola nne mfukoni. Katikati ya miaka ya 1920 Klan ilihesabu wanachama kwa mamilioni na iliandamana Washington mchana kweupe.

Je, ni filamu iliyofanya hayo, au chuki ilikuwapo ikingoja kisingizio? Mchumi Desmond Ang wa Harvard alilifuatilia swali hili katika utafiti uliochapishwa 2023. Filamu ilizunguka mji kwa mji pamoja na okestra yake, hivyo tarehe za kufika kwake zinajulikana. Ang aligundua kwamba katika mwezi uliofuata onyesho, matukio ya watu kuuawa na magenge na ghasia za ubaguzi wa rangi yaliongezeka mara tano. Sehemu zilizoitazama ndizo pia zilizokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tawi la Klan mwaka 1930.

Baadaye kazi ya Dixon, ya kuchochea chuki kwa hadithi, ilipata warithi. Mwaka 1978 William Pierce, aliyewahi kufundisha fizikia chuo kikuu, alitoa riwaya ya kibaguzi, *The Turner Diaries*, kwa jina la bandia. Genge lililomuua mtangazaji wa redio Alan Berg mjini Denver mwaka 1984 lilichukua hata jina lake humo. Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, alikuwa akikiuza kitabu hicho kwenye maonyesho ya bunduki, na nakala za kurasa zake zilikutwa ndani ya gari lake.

Griffith bado anafundishwa vyuoni kama baba wa sinema, na tangu 1992 filamu yake imo katika orodha rasmi ya filamu za Marekani za kuhifadhiwa. Trotter alifariki 1934, fukara. Kulikuwa pia na jibu la filamu kwa filamu: mwaka 1920 Oscar Micheaux, mtengenezaji filamu mweusi, alitoa *Within Our Gates*, inayoonyesha familia nyeusi ikinyongwa na genge la wazungu kwa kosa la kusingiziwa. Wakaguzi wa Chicago waliikataa kwanza, wakihofu ghasia. Kisha ikapotea kabisa, hadi miaka ya 1970 nakala moja tu ilipopatikana Hispania.