Nani Anampokea Mtoto Januari?

Kila Januari shule za msingi za Tanzania huwapokea watoto wa miaka mitano, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa nusu siku bila mtu wa kwao karibu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kuondolewa kwa ada kuanzia Januari 2016 kukawaleta darasani watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Ni mafanikio makubwa. Lakini tunayapima kwa uandikishaji: wameandikwa wangapi, wasichana wangapi, wavulana wangapi, madawati yamepungua mangapi. Ile saa ambapo mtoto huachiwa mkono na mzazi na kushikwa na mwalimu asiyemjua haihesabiki popote.

Hoja yangu ni kwamba saa hiyo, pamoja na wiki mbili tatu zinazoifuata, ni sehemu ya ufundishaji, na inastahili kupangwa kama linavyopangwa somo lolote. Mjadala wetu juu ya utayari umemwelemea mtoto peke yake. Ajue kuhesabu, ajue kushika penseli, ajue kutaja jina lake kamili. Na katika baadhi ya shule binafsi afanyiwe usaili kabla hajapewa nafasi. Kama shule yenyewe iko tayari kumpokea, ni nadra mtu kuuliza.

Siku ya kwanza watoto hulia, na majibu yetu tuliyoyazoea yanafahamika. Mzazi huambiwa aondoke kimyakimya mtoto akigeuka. Mtoto hutishiwa fimbo, au huachwa alie mpaka achoke. Nyuma ya majibu yote hayo imo dhana moja: kwamba anayelia amedekezwa, na shule ndipo pa kumkomaza.

Ushahidi unaoipinga dhana hiyo ulianza kukusanywa hapa hapa kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na kupata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Alitokea London, alikokuwa amefanya kazi na John Bowlby, mtu aliyechunguza madhara ya kumtenganisha mtoto mdogo na mlezi wake. Kwa miezi kadhaa Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, akiwa na mkalimani, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyotambaa kwenda mbali, wanavyogeuka kuhakikisha mama bado yupo, wanavyorudi kwake mgeni anapoingia. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Kilichodhihirika humo ni kwamba mtoto huthubutu kuchunguza mazingira mapya kwa kadiri anavyojua kwamba ana pa kurudi. Kumng'ang'ania mlezi na kuthubutu kwenda mbali naye ni mambo yanayokwenda pamoja, na la kwanza ndilo linaloliwezesha la pili.

Watoto wa Ainsworth walikuwa wachanga, na huyu wetu ana miaka mitano. Ana lugha na kumbukumbu. Ukimwambia utamfuata saa sita anaelewa kiasi. Kwa hiyo hahitaji mama awepo siku zote. Anahitaji ahadi inayotimizwa, na mtu mzima mmoja pale shuleni ambaye tayari amemwona akizungumza vizuri na watu wa kwao. Mzazi anayetoroka mtoto akiwa amegeuka anavunja yote mawili kwa mpigo: mtoto anajifunza kwamba akigeuza macho watu wake hutoweka, na mwalimu anaingia katika kumbukumbu yake kama aliyeshiriki hila hiyo. Kesho yake kilio kinaanzia nyumbani, wakati wa kuvalishwa sare.

Nadharia hii ya Bowlby na Ainsworth ilipoenea duniani ilibeba sura ya mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya nyumba yenye mlango uliofungwa, na wanazuoni kama A. Bame Nsamenang wa Kamerun na Heidi Keller wa Ujerumani wameikosoa kwa haki. Kwetu mtoto hulelewa na mikono mingi. Bibi humwogesha, dada humbeba mgongoni, shangazi humlisha, na jirani humkemea bila kuomba ruhusa. Wapo wanaotumia ukweli huu kudai kwamba mtoto wa Kiafrika haumizwi na kutengana, kwa kuwa amezoea watu wengi. Nauona mkato huo wa fikra kuwa wa hatari. Wengi aliowazoea ni wengi anaowajua, na mwalimu wa siku ya kwanza hayumo. Funzo ninalolipata mimi ni tofauti: ikiwa mtoto ana watu wanne au watano wa kumtuliza, basi shule ina watu wanne au watano wa kuwaita. Mama akiwa sokoni, bibi anaweza kukaa naye. Kaka aliye darasa la nne yuko papo hapo shuleni, nasi tunamzuia kulisogelea darasa la awali wakati wa mapumziko kana kwamba anakwenda kufanya utundu.

Ujerumani wameutia utaratibu wa kumpokea mtoto katika maandishi. Mfumo unaojulikana kwa jina la Berlin, ulioandaliwa miaka ya 1980 na Hans-Joachim Laewen na Beate Andres, unamtaka mzazi akae na mtoto darasani kwa muda mfupi siku tatu za mwanzo bila kuachana naye. Siku ya nne mzazi anaaga na kutoka kwa muda usiozidi nusu saa. Mtoto akishindwa kutulizwa na mlezi mpya, mzazi hurudi mara moja na jaribio hilo huahirishwa. Utaratibu huo ulitungwa kwa watoto wadogo zaidi na kwa madarasa yenye watoto wachache. Viwango vyetu vinataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na katika shule nyingi za umma idadi hiyo imepitwa mara kadhaa. Kuunakili mfumo wa Berlin kama ulivyo hakuwezekani. Mantiki yake, kwamba kuachana kufuate kufahamiana na kusikutangulie, haitegemei utajiri wa nchi.

Pwani tumeiona mantiki hiyo ikifanya kazi. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliiomba taasisi ya Aga Khan iwasaidie watoto wao waliokuwa wakiachwa nyuma shuleni, na hapo ukazaliwa mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walioujenga tangu mwanzo. Walimu walichaguliwa kutoka katika jamii zenyewe, wanawake wa mitaa ile ile, wakafunzwa; vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu, vitambaa na vizibo vya chupa. Tathmini ya Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha watoto hao wakipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko waliosoma shule nyingine za awali au kubaki nyumbani. Utafiti huo haukupima namna watoto walivyozoea shule, na mimi siufanyi useme lisilokuwamo. Ninachokiona muhimu ni kwamba mwalimu aliyemlaki mtoto mlangoni alikuwa mtu ambaye mtoto alishamwona akimsalimia bibi yake.

Bara hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi lugha nayo hubadilika mlangoni. Mtoto wa Kisukuma, wa Kimaasai au wa Kiiraqw anayetoka kijiji ambacho Kiswahili ni cha mnadani na cha ofisini anaagizwa "kaa chini" na haelewi, na kutokuelewa kwake kunasomwa kuwa ukaidi. Kuna pia jambo dogo linaloumiza: nyumbani anaitwa Tatu au Babu, na kwenye daftari la mahudhurio limeandikwa jina la cheti cha kuzaliwa ambalo hajawahi kuitwa. Linasomwa, hajibu, anaandikiwa hayupo, naye amekaa mstari wa pili. Vivyo hivyo choo. Watoto wengi hujikojolea wiki ya kwanza kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha choo kiko wapi, au kwa kuogopa tundu la choo lililochimbwa kwa kipimo cha watu wazima, au kwa kutojua kuomba ruhusa kwa Kiswahili. Mtoto aliyechekwa na wenzake kwa hilo hasahau upesi. Mwalimu akijua neno moja la lugha ya nyumbani kwa watoto wake, basi liwe la choo.

Pingamizi ninalolisikia zaidi linatoka kwa wazee wenzangu: haya yote ni kudekeza, sisi tulipelekwa na tukakomaa. Nawaomba waangalie mila zao wenyewe. Jando na unyago ni mambo magumu, na ugumu ulikusudiwa. Hata hivyo mwari hakupelekwa peke yake. Alikuwa na kungwi wake, mtu aliyeteuliwa na kujulikana, wa kumwelekeza na kusimama naye mpaka alipotolewa. Mpwani anayempeleka mwanawe chuoni kusoma Kurani kwa mara ya kwanza humpeleka mwenyewe, akamkabidhi kwa mwalimu kwa maneno mbele ya mtoto, na mara nyingi akabeba kitu cha kugawiwa wenzake. Wazee hawakuona ukakamavu na kusindikizwa kuwa vitu vinavyogombana.

Serikali nayo imekwishakiri kwamba umri huu una mahitaji yake. Machi 2023 ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa sababu mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya nyumbani. Ikiwa tunakubali hilo kuhusu usiku, ni vigumu kueleza kwa nini asubuhi ya kwanza iachwe ijiendee tu.

Basi shule yenye watoto 100 na mwalimu mmoja ifanye nini? Kwanza isiwaite wote siku moja. Watoto 20 waanze Jumatatu, 20 Jumanne, na kuendelea. Kila kundi likae saa mbili tu siku yake ya kwanza, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwa kila mtoto. Kufika Ijumaa mwalimu atakuwa amemshika kila mtoto mkono na kuuliza jina analoitwa kwao. Paredi ya wiki hiyo iwaache. Hotuba za juani hazina faida kwao. Anayeaga aage kwa kweli, na muda autaje kwa tukio ambalo mtoto analijua, kama baada ya uji, kisha aje wakati huo huo. Ndugu wa madarasa ya juu waruhusiwe kuja mapumziko, na wapewe kazi hiyo rasmi. Kwa mama mwenye kibanda sokoni kukaa asubuhi nzima ni hasara ya siku, kwa hiyo shule iombe asubuhi moja, na imtaarifu tangu Novemba anapokuja kuandikisha.

Mengi ya haya hayana gharama zaidi ya mpango, ila yanamtaka mwalimu mkuu akubali kwamba wiki nzima itapita bila herufi moja kuandikwa ubaoni, na wathibiti ubora wa shule wasimhesabie hilo kuwa uzembe. Liandikwe katika mwongozo wa mwalimu wa awali, na liguse pia watoto wanaofika Februari na Machi, kwa kuwa uandikishaji huendelea baada ya shule kufunguliwa. Hao huingia mmoja mmoja, wengi wakiwa wamechelewa kwa kukosa sare, katika darasa ambalo wenzao wameshajua choo kilipo na wimbo wa asubuhi. Kwa kila mmoja wao ile siku ya kupokelewa inabidi ifanywe upya, na mtu wa kuifanya atajwe kwa jina.