Alikwenda Kutafuta Maisha

Nyumbani kwetu kila aliyehama "alikwenda kutafuta maisha." Baba alipata viza ya bahati nasibu miaka ya 1990, na anachokikumbuka zaidi ni kutolewa damu Nairobi. Nilidhani kilikuwa kipimo cha kawaida tu. Nilipoanza kusoma historia ya uhamiaji wa Marekani ndipo nikaelewa: damu ile ilipimwa VVU, na mwenye virusi angeweza kunyimwa viza.

Sheria hiyo ilimgusa kila mhamiaji, lakini kwa wanaume wanaopenda wanaume wenzao mlango ulikuwa na makufuli mawili. La kwanza lilitoka katika sheria ya mwaka 1952, iliyowahesabu kuwa watu wenye haiba yenye kasoro ya akili. Kwa sheria hiyo Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1967 kwamba Clive Boutilier, Mkanada aliyekuwa ameingia nchini tangu 1955, afukuzwe. Kufuli hilo liliondolewa mwaka 1990. La pili lilikuwa limeshawekwa mwaka 1987, VVU vilipoingizwa katika orodha ya magonjwa ya kumzuia mhamiaji. Katika Seneti kura zilikuwa 96 kwa 0! Mwaka 1993 Bunge likaliandika katika sheria kamili.

Palikuwa na msamaha, nao ndio ulionikera kuliko vyote. Mwenye VVU aliweza kuuomba iwapo mume, mke, mzazi au mtoto wake alikuwa raia au mkaazi wa kudumu. Mwanamume aliyeishi miaka kumi na mpenzi wake Mmarekani, wakilipa kodi ya nyumba pamoja na kuuguzana, machoni mwa sheria hakuwa na mtu.

Kwa nini basi walihama? Wengine walikimbia. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel, na miongoni mwao alikuwamo Fidel Armando Toboso-Alfonso. Kwao polisi walikuwa wamemwandikisha kama shoga na kumwita mara kwa mara wamhoji. Kesi yake iliamuliwa mwaka 1990, na mwaka 1994 Mwanasheria Mkuu Janet Reno akaifanya kuwa mfano wa kufuatwa katika kesi nyingine za hifadhi. Lakini wengi hawakuwa na kesi kama yake. Walifuata kazi, masomo, au mtu waliyempenda, na uhuru ukawa ndani ya begi hilo hilo. Ukiwauliza, wangejibu kama baba.

Waliotetea zuio walisema mhamiaji analeta ugonjwa. Utafiti uliofanywa baadaye katika kliniki za Ulaya ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wahamiaji wa kundi hili wenye VVU waliambukizwa baada ya kuhama. Sishangai. Mtu amefika hana bima, lugha inampiga chenga, analala kwa mwenyeji ambaye hawezi kumkatalia, na hana ndugu wa kumweleza. Hapa Marekani ongeza hofu ya karatasi: jibu baya la kipimo lingeweza kumfungia njia ya kupata ukaazi. Naona mwenye akili zake angeweza kabisa kuamua asipime. Na kuanzia 1996, zilipopatikana dawa mseto zenye nguvu, kutokupima kulikuwa kujinyima uhai.

Zuio liliondoka rasmi tarehe 4 Januari 2010, baada ya miaka 22 na zaidi.

Wiki iliyopita nilimwuliza baba kama kuna aliyezuiwa siku ile ya damu. Alifikiri kidogo. Akasema palikuwa na kijana mmoja mcheshi waliyekaa naye kwenye benchi tangu asubuhi. Aliitwa ndani, akatoka, akapita mbele yao bila kuaga.

"Mlimwuliza kilichompata?"

"Hatukuuliza," alisema baba.