Sandarusi: utomvu wa pwani yetu uliong'arisha magari ya farasi ya Ulaya

Kila mjadala wa mkaa unapopamba moto Handeni na Korogwe, hutajwa mninga, hutajwa mvule, hutajwa mkongo. Msandarusi hautajwi. Hata mafundi samani wa Hale hawana sababu ya kuujua, kwani vanishi yao na tina ya kuichanganyia huja ndani ya makopo. Lakini katika karne ya 19, vanishi iliyosifiwa kuliko zote duniani ilianzia kwenye udongo wa pwani hii.

Sandarusi halisi ni utomvu uliokaa ardhini miaka mingi mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, anaeleza jinsi wachimbaji walivyotoboa shimo jembamba kwenye udongo mwekundu, kisha wakachokoa kwa mkono hadi urefu wa mkono ulipoishia. Utomvu mbichi, chakazi, ulikuwa laini na bei yake ndogo. Ule wa ardhini ukioshwa ulionyesha vipele vidogo usoni, na kwa vipele hivyo mnunuzi aliutambua. Mwishoni mwa miaka ya 1860, John Kirk, daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alithibitisha kwamba wote ni wa mti mmoja, msandarusi.

Ugumu huo ndio uliowapa kazi wapishi wa vanishi. Spiriti haiiyeyushi sandarusi, wala tapentaini. Ilibidi ichemshwe kwa zaidi ya nyuzijoto 300, sehemu yake ikapotea kwa moshi, ndipo yakamiminwa mafuta ya kitani ya moto. Tapentaini ilitiwa mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa, maana mvuke wake ukikutana na moto karakana nzima huteketea. Kazi yake ilikuwa kuilegeza vanishi ipakike kwa brashi, kisha kupotea hewani na kuacha ngozi ngumu inayong'aa juu ya mbao.

Mji wa Salem, Marekani, ulifaidika kwa kuisafisha sandarusi ya Zanzibar, hadi ushuru wa 1861 ulipoirudisha kazi hiyo Unguja.

Je, nani alikuwa na mamlaka juu ya mashimo? Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika utafiti wake wa 2007, anashikilia kuwa walikuwa watu wa bara wenyewe. Wafanyabiashara wa pwani walinunua tu. Wachimbaji walichagua lini wachimbe, na wakubwa wao walitoza ushuru wao. Wajerumani walipofika waliona mambo kwa jicho lao. Amri ya 1895 iliifanya ardhi waliyoiita haina mwenyewe kuwa mali ya serikali, na sheria ya misitu ya 1904 ikafungia watu nje ya misitu. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vikalipuka, vikianzia Umatumbi. Shuleni tulifundishwa kuwa chanzo chake ni pamba na kodi. Kuporwa msitu uliokuwa akiba ya familia hatukufundishwa, na huo ni upungufu mkubwa katika historia yetu.

Huku kwetu bonde la Pangani lilichukuliwa na mkonge. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alileta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62, na mashamba yakasambaa hadi Hale.

Baadaye sandarusi ya Kongo, laini zaidi na rahisi kwa bei, iliingia sokoni. Miaka ya 1920 ikaja rangi ya nitroselulosi, inayoyeyushwa kwa asetoni na butili asetati na kukauka upesi. Gari lililokaa wiki kadhaa kwenye rangi likamalizika kwa siku chache.

Leo fundi wa Hale anavuta mvuke wa tina siku nzima, mara nyingi bila barakoa, na kichwa kinamuuma jioni. Mbadala wa tina hiyo huenda uko jirani, kwenye mkonge. Jani la mkonge hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu. Masalia yake yameshazalisha umeme wa biogesi hapo hapo Hale, na sukari iliyomo inaweza kuchachushwa kuwa spiriti ya kuyeyushia polishi. Mashamba yapo na mafundi wapo. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuweka mtambo.