Wawinda nyotamkia si wanagenzi

NENO ‘mwanagenzi’ limepachikwa mahali pasipolistahili. Katika tafsiri kadhaa za wanafunzi nilizosahihisha, watu wanaotazama anga usiku bila kulipwa huitwa ‘wanagenzi wa falaki’. Mwanagenzi ni mtu anayeanza kujifunza kazi. Miongoni mwa hawa wamo waliotumia darubini hadi uzeeni! Lugha ya michezo ilikwisha kutupa neno: ridhaa. Bondia wa ridhaa huenda akazijua ndondi vilivyo, ila hazimlipi mshahara.

Hebu tuipime hoja hii kwa historia.

Charles Messier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1730, hakusomea falaki katika chuo kikuu chochote. Mwaka 1751 aliajiriwa Paris kama karani kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kuwinda nyotamkia ndiko kulikomkosesha usingizi. (Nasema nyotamkia, sio kimondo. Kimondo huwaka kikapotea kwa sekunde chache. Nyotamkia huonekana kwa majuma, hata miezi. Wanahabari wetu, tafadhali!)

Shida ni kwamba nyotamkia ikiwa mbali haina mkia wa kuonekana. Ni kidoa cha ukungu tu, na anga imejaa vidoa vya namna hiyo: makundi ya nyota, mawingu ya gesi, galaksi. Tofauti ni kuwa nyotamkia husogea. Mwaka 1758 Messier alikutana na kidoa kimoja, akakifuatilia, kisisogee. Akakiandika ili kisimhadae tena. Orodha yake ya kwanza, ya 1774, ilikuwa na vitu 45. Kufikia 1781 vilikuwa 103. Kwa hakika aliorodhesha vitu vya kuepukwa! Leo wapenzi wa anga huvisaka kimoja kimoja kwa hamu, na nyotamkia zake mwenyewe, nani anazikumbuka?

Lakini kutoka Paris sehemu kubwa ya anga ya kusini haionekani. Pengo hilo alilishughulikia Jack Bennett, mtumishi wa serikali huko Pretoria, Afrika Kusini. Naye aliandaa orodha yake ya vitu 152 vya kusini vinavyoweza kudhaniwa kuwa nyotamkia. Julai 1968, katika upekuzi wake wa kawaida, alifika kwenye galaksi ambayo Messier aliipa nambari 83, akaona nuru isiyokuwapo siku zote. Ilikuwa nyota iliyolipuka. Aliitambua kwa jicho lake mwenyewe kwenye darubini, kwa sababu aliijua galaksi ile kama mtu anavyoujua uso wa jirani. Mwanagenzi angejuaje kwamba kimeongezeka kitu? Tarehe 28 Desemba 1969 akapata nyotamkia iliyopewa jina lake, na mapema mwaka uliofuata iling’aa hata watu wakaiona bila darubini.

Kisha Julai 1995, Marekani. Alan Hale, mwenye shahada ya uzamifu katika falaki, alikuwa nyumbani kwake New Mexico akitazama kundi la nyota ambalo ni la 70 kwa Messier. Usiku huo huo, katika jangwa la Arizona, Thomas Bopp, mfanyakazi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, alikuwa akilitazama kundi lilo hilo kwa darubini ya rafiki yake. Kila mmoja akaona kidoa kisichokuwamo orodhani. Basi ile orodha ya vitu visivyo nyotamkia ndiyo iliyowafikisha kwenye nyotamkia! Jina lake linawataja wote wawili, Hale-Bopp, bila kuuliza nani ana shahada.

Siku hizi darubini zinazojiendesha hugundua nyotamkia nyingi kabla ya macho ya mtu. Hata hivyo orodha zile mbili bado zinatumika, na sisi hapa tumebahatika kuliko Messier na Bennett. Ukiwa Nanyuki, penye ikweta, unaweza kuziona zote mbili katika mwaka mmoja, ya Paris upande wa kaskazini na ya Pretoria upande wa kusini.