Monark ya Varberg: kiwanda kilichoanza na kinga

Katika mkutano wa mwezi uliopita swali lilitoka tena: wafadhili wakitutumia makuta ya kinga, tununue kinga tu, ama tufungue na karakana? Kila upande ulisema kwa nguvu. Ndipo kamati ikaomba gazeti letu lilete historia ya kiwanda kimoja cha baiskeli, tuone wengine walipita njia gani. Nimechagua Monark ya Uswidi, ile nchi wazee wetu wanasemaka Suède.

Suède si jina geni huku Uvira na Fizi. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka kule walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo iliyozaa CEPAC na hospitali ya Lemera, ile iliyoshambuliwa Oktoba 1996, wakati wengi wetu tulianza kuvuka ziwa. Lakini wamisionari tunawajua tayari. Kuhusu mafundi wa nchi yao hatukuambiwa mengi.

Varberg ni mji mdogo wa pwani, magharibi ya Uswidi. Mwaka 1908 mtu mmoja jina lake Birger Svensson alianza pale biashara ya baiskeli. Wakati ule kinga ilikuwa kwa Waswidi kama ilivyo kwetu leo: chombo cha kwenda kazini, sokoni na kanisani, si mchezo wa vijana. Biashara ikakua ikawa kiwanda, na baadaye kikaanza kutengeneza pikipiki pia.

Halafu vita ya pili ya dunia ikafika. Uswidi haikupigana, lakini mafuta yalikosekana kabisa, mpaka magari yalitembea kwa moshi wa kuni. Ndiyo, kuni: jiko la chuma lilifungwa kwenye gari, moshi wake ukaendesha injini. Katika hali ile mwenye kinga alikuwa tajiri kidogo. Jeshi nalo lilihitaji pikipiki, na Monark ikawa kati ya waliotengeneza ile inayoitwa m/42. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wetu wataelewa haraka kuliko mimi. Injini ya pikipiki ile haikuwa ya Monark. Ilitoka kwa kiwanda kingine cha Uswidi, Albin. Monark ilijua fremu, magurudumu na kuunganisha, na haikuona haya kununua moyo wa chombo kwa jirani. Hata mwaka 1959, Mswidi Sten Lundin aliposhinda ubingwa wa dunia wa motokrosi akiwa juu ya Monark ya sentimita 500, injini ilikuwa ya asili ya Albin.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na sheria, si na ufundi. Tarehe 1 Julai 1952 serikali ya Uswidi iliruhusu chombo kipya: baiskeli yenye injini ndogo, moped, isiyozidi kilometa 30 kwa saa. Mtu wa miaka 15 angeweza kuiendesha bila leseni. Lakini ilibidi iwe na pedali, kwa maana serikali iliihesabu bado kama baiskeli. Fikirieni hiyo kwa viwanda vya kinga! Fremu wanayo, pedali wanazo, mnyororo upo, kinachokosekana ni injini tu, na injini ndogo ziliuzwa Ujerumani. Monark ikaingia kwa nguvu. Vijana wa vijijini, ambao zamani walitegemea miguu, wakaanza kwenda kazini mbali.

Viwanda vilikuwa vingi, na soko likaanza kubana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Monark iliungana na mshindani wake wa Uppsala, mwenye kutengeneza baiskeli za Crescent, na kampuni mpya ikaitwa MCB, yaani Monark-Crescent. Majina yote mawili yaliendelea kuandikwa kwenye fremu. Walikuwa na akili: mteja anaamini jina ambalo baba yake alipanda.

Sasa tufike kwa kinga isiyotembea. Najua wengine watacheka. Mtu anayebeba mihogo kutoka shambani mpaka Baraka hawezi kuelewa kwa nini mwingine alipe pesa apige pedali ndani ya nyumba, abaki palepale. Lakini chombo hiki, ergometa, hakikuanza kwa kupunguza tumbo. Kilikuwa kipimo cha daktari. Mwaka 1954 Mswidi Wilhelm von Döbeln alieleza ergometa rahisi sana: gurudumu zito mbele, mkanda unaolizunguka na kulibana, na kizito kinachoning'inia kuonyesha mkanda unavuta kwa nguvu kiasi gani. Hakuna umeme. Mwaka huohuo Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming walitoa njia ya kukadiria nguvu za mwili kwa kuhesabu tu mapigo ya moyo mtu anapopiga pedali.

Monark ndiyo iliyofanya chombo hicho kijulikane duniani. Hesabu yake hata mtoto wa shule anaiweza. Kila mzunguko wa pedali, ukingo wa gurudumu unakwenda meta 6. Ukipiga pedali mara 50 kwa dakika, ni meta 300. Mkanda ukivuta kama uzito wa kilo 1, kazi yako ni karibu wati 50. Ukivuta kama kilo 2, karibu wati 100. Kikiharibika, fundi anaona kwa macho kimeharibikia wapi. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora ambayo Monark ilifanya, kupita hata ule ubingwa, na ndani yake hakuna kitu ambacho fundi wa kinga hakijui: gurudumu, mnyororo, pedali, breki.

Moped za Monark zimebaki kwa wapenzi wa vitu vya zamani. Katika miaka ya 1990 kampuni ilinunuliwa na Salvatore Grimaldi, mzaliwa wa Italia aliyefika Uswidi akiwa mtoto. Wana wa wakimbizi, someni mara ya pili. Aliiingiza katika kundi la Cycleurope, na mwaka 1997 kundi hilo likachukua pia Bianchi, jina kubwa la baiskeli kule Italia alikozaliwa. Ergometa zina kampuni yake, Monark Exercise, katika mji wa Vansbro, na modeli za kizito kinachoning'inia bado zinauzwa.

Turudi kwa swali letu. Kinga zinazofika huku zinatoka India na China, na hakuna kati yetu anayeota kiwanda. Lakini njiti, mipira ya ndani, minyororo na boli za pedali zinaisha kabla ya fremu kuchoka, na bila mahali pa kuzipata kinga inalala ukutani mwa nyumba. Katika mkutano ujao kamati italeta bei za aina mbili: kinga peke yake, na kinga chache pamoja na sanduku la vyombo na vipuri vya mwaka mmoja. Mafundi wenye kujua bei za Uvira na Kigoma wazilete zikiwa zimeandikwa.